Lori la Jumamosi

"Nenda wewe," Kuruthumu alisema, akimsukuma Nyangi kwa kiwiko. "Mimi akiniona ananitajia bei. Akikuona wewe anasahau hata jina la mjomba wake."

"Acha, Kuruthumu. Watu wanasikia."

"Wasikie! Kidato cha Nne kizima kinangoja usafiri, wewe unangoja haya ikutoke."

Nyangi alicheka. Mtihani ulikuwa umekwisha salama. Jumamosi wasichana wote wa kidato chao walialikwa Mugumu, kwenye dansi ya kuagana na wavulana wa shule ya huko. Gauni lake la buluu, alilolishona kwa mkono wake mwenyewe, lilikuwa limelazwa chini ya godoro lisipate mikunjo. Kilichokosekana ni gari tu. Dizeli ilikuwa shida mwaka ule, mabasi yalikuwa ya kubahatisha, na katika Tarime nzima lori lililokuwa likitembea bila kusukumwa lilikuwa la Mzee Bushiri, mfanyabiashara wa Bomani.

"Mkilikosa hilo, dansi hakuna," Mwalimu Agustina alikuwa amewaambia alipowapa ruhusa ya kutoka shuleni. "Na mkilipata, Jumapili muwe mmerudi kabla ya saa nane. Baada ya hapo magari ni marufuku barabarani, na mimi siendi polisi kumkomboa mtu."

Uani kwa Mzee Bushiri palikuwa kimya. Hakukuwa na upepo. Lori lilisimama mdomo wazi, boneti juu, na chini yake ilichomoza miguu miwili iliyovaa kandambili.

"Hodi mwenye miguu!" Kuruthumu aliita.

Lukmani, mpwa wa Mzee Bushiri na dereva wake, alitoka chini ya lori akiwa na mafuta shavuni. Alimsalimu Kuruthumu, halafu macho yake yakahamia kwa Nyangi yakakaa hapo. Nyangi akainamisha uso. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu kijana huyu alipoleta mahindi shuleni na gunia moja likapasuka mbele ya stoo. Yeye, aliyekuwa kiranja wa stoo, aliinama kuokota, naye Lukmani akainama, na kazi ambayo ingemalizwa kwa fagio wakaifanya kwa vidole, taratibu, kila mmoja akiomba punje zisiishe. Mpaka leo alikuwa hajazoea kutazamwa na macho yale.

"Tumekuja kukodi lori," alisema kwa sauti ndogo. "La Jumamosi. Kwenda Mugumu, kwenye dansi."

Lukmani akajifuta mikono kwa kitambaa, na furaha ikamtoka usoni. "Jumamosi? Nyangi, ungeniambia juzi. Jumamosi limeshachukuliwa."

"Na nani tena?" Kuruthumu aliruka. "Mwambie asubiri! Tumesuka nywele sisi!"

"Mzee mmoja wa Nyanungu, anaitwa Machage. Mchuuzi wa ng'ombe. Kaleta na dizeli yake mwenyewe, pipa lile pale. Asubuhi na mapema niende ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, halafu nirudi mpaka kwake Nyanungu."

"Ng'ambo wapi?" Nyangi aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

"Kijiji kile cha barabarani. Kasema nikilipita kanisa, nyumba ya bati ya kwanza, yenye mashine ya kusaga mbele."

Nyangi alishika ubavu wa lori. Bati lilikuwa la moto lakini hakuuondoa mkono.

"Nini?" Lukmani akamsogelea. "Nyangi, nini?"

"Hiyo ni nyumba yetu."

Kuruthumu akajaribu: "Labda baba yako ananunua ng'ombe."

"Baba hana cha kununulia ng'ombe." Nyangi alizungumza kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa mbali. "Kaka yangu Kisyeri amemwoa Gati tangu wakati wa mavuno, na hajatoa hata ndama. Baba yake Gati alikubali kungoja. Aliambiwa mahari itatoka kwa dada mtu."

"Dada mtu yupi?"

"Kaka ana dada mmoja."

Lukmani alielewa polepole. Alilitazama pipa la dizeli, akalitazama lori, akaitazama mikono yake mwenyewe. "Yaani mimi," alisema, "ndiye niliyekubali kubeba mahari yako?"

Kabla Nyangi hajajibu, mtu alikohoa langoni.

Aliyeingia alikuwa mwanaume wa makamo, mrefu, mwenye koti zito na fimbo nyembamba aliyoishika bila kuiegemea. Alitembea taratibu kulizunguka lori, akagonga tairi moja kwa fimbo, akagonga la pili.

"Mura," alimwambia Lukmani, kama wazee wa huko wanavyomwita kijana. "Gari zima?"

"Zima, Mzee Machage."

"Shikamoo," wasichana walisema kwa pamoja.

"Marahaba, watoto wazuri. Wa shule hii ya juu? Mnatafuta nini kwenye mafuta na vumbi?"

Nyangi alimfinya Kuruthumu, lakini mdomo wa rafiki yake haukujua kufungwa. "Lori la kutupeleka dansi Mugumu, mzee. Jumamosi. Na wewe umelichukua."

Machage alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kupendwa. "Dansi! Basi nisije nikalaaniwa na wasichana wote wa Tarime. Mimi nalitaka asubuhi tu. Likitoka kwangu, lije liwachukue. Dizeli iliyomo inatosha, sitaki senti. Mwambieni mwalimu wenu mzee fulani amewasaidia."

"Kweli, mzee?"

"Nimesema. Watakaokuwepo wacheze mpaka wachoke."

Wakati wote huo alikuwa akimtazama Kuruthumu. Sasa akageuza kichwa kwa Nyangi, akamwangalia kuanzia miguuni, bila haraka, kama alivyokuwa ameliangalia lori.

"Huyu mbona hasemi?"

"Ana haya, mzee," Kuruthumu alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Haya ni kitu kizuri." Alielekea langoni. Alipofika akasimama, akasema bila kugeuka: "Msalimie Joram, Nyangi."

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina lake, wala la baba yake.

Walisikiliza fimbo yake ikigonga mawe ya barabarani mpaka ikapotea. Kuruthumu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Nyangi, sikujua. Nimemwomba lori mimi, kwa mdomo wangu."

"Si kosa lako."

"Jumamosi gari litaharibika," Lukmani alisema ghafla. "Nitang'oa kitu. Lisiwake mwezi mzima."

"Atatafuta njia nyingine."

"Basi mimi nitamwambia sitaki kazi yake."

"Na Gati je?" Nyangi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Humjui Gati. Baba yake alikuwa tayari kumpa mzee mwenye wake watatu, akatorokea kwetu usiku na nguo aliyoivaa. Ana mimba sasa. Ng'ombe wasipofika, baba yake anamchukua na tumbo lake anampeleka kwa yule mzee. Likizo nililala naye kitanda kimoja, akawa anasema kwenye ndoto, 'Msinirudishe.' Mimi ndiye niliyekuwa namwamsha."

Lukmani alikaa juu ya pipa, akainuka, kana kwamba limemchoma.

"Baba yako anajua kama mimi nipo?"

"Anajua. Mama alimwambia kabla hajafariki. Baba akasema, 'Mswahili wa mjini, hana hata mbuzi, atanilipa kwa chumvi?'"

"Hajaniona lakini. Hajanisikia." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Leo Alhamisi. Kesho nina magunia ya chumvi ya kupeleka Mugumu, nitayapeleka leo. Njia inapita mlangoni kwenu. Twende wote. Nimwambie mbele yako kwamba nitafanya kazi mwaka, miaka, ng'ombe mmoja mmoja mpaka watimie. Mjomba Bushiri atanidhamini. Baba yake Gati alingoja tangu mavuno. Akijua anangoja kitu cha kweli, atangoja tena."

"Na baba akikataa?"

"Atakuwa amekataa mtu, siyo jina."

Nyangi alitazama mlango wa lori. Tarime ilikuwa mji mdogo. Msichana wa shule akipanda peke yake na mwanaume mchana kweupe, kabla ya jua kuzama habari zingefika kila jiko, na zikifika hazirudi. Alikuwa msichana ambaye hata kujibu swali darasani kulimtoa jasho. Lakini alijua kwamba akirudi bwenini sasa, angekaa kitandani akisubiri Jumamosi ije yenyewe.

"Mwambie Mwalimu Agustina nimekwenda kwa baba," alimwambia Kuruthumu. "Mwambie ukweli wote."

"Watu watakuona, Nyangi!"

"Nataka wanione."

Akapanda.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu kiasi cha kumtia hofu. Bomani ikabaki nyuma, mashamba ya mihogo yakapita, vumbi likafunga kila kitu kilichokuwa nyuma yao. Lukmani aliendesha kwa mkono mmoja na wa pili akauweka kitini katikati yao, wazi. Baada ya kilima cha kwanza Nyangi akaweka wake juu. Hawakutazamana.

"Nianzeje?" Lukmani aliuliza. "Nimwite mzee au baba?"

"Mzee. Ukimwita baba atakufukuza."

"Nivue kofia?"

"Uvue. Na usicheke. Ukiogopa huwa unacheka."

"Sicheki, naogopa kimyakimya." Akacheka. Naye Nyangi akacheka, na kwa kitambo kidogo wakawa watu wawili tu wanaokwenda mahali. Alijiona na gauni la buluu, ukumbi wa Mugumu, taa, Lukmani amesimama nje dirishani kwa sababu madereva hawaruhusiwi ndani, na yeye akitoka kumfuata.

Kisha akamwona mtoto mmoja pembeni ya barabara akichunga ng'ombe wachache, na fikra ikamwingia, ndogo, baridi.

"Lukmani. Machage alikwambia kwa mdomo wake kwamba utabeba ng'ombe?"

"Si mchuuzi wa ng'ombe?"

"Nimekuuliza alisema nini."

Lukmani alifikiri. "Alisema nilioshe lori vizuri. Nitandike majani makavu, juu yake mkeka. Na niweke ngazi ya kupandia, isiwe mbovu."

"Ng'ombe anapanda ngazi?"

Mguu wa Lukmani ukatoka kwenye mafuta bila yeye kujua. Lori likapungua mwendo.

"Sisi Wakurya," Nyangi alisema, "ng'ombe wa mahari hatuwapakii gari. Wanatembezwa. Wanapitishwa katikati ya vijiji, watu watoke wawaone, wasifie mapembe, wajue binti wa nani ametolewa na kwa ng'ombe wa namna gani. Mwenye kuwaficha ndani ya lori ataambiwa ameiba. Nilijua hilo tangu utotoni. Ulipotaja mchuuzi wa ng'ombe nikasahau kila kitu."

"Kwa hiyo lori..."

"Lori ni la kunibeba mimi."

Chini ya kilima Mto Mara ulikuwa unang'aa, maji mekundu ya udongo. Lukmani alisimamisha gari kabla ya kuvuka. Injini ikawa inatetemeka peke yake.

"Niligeuze?"

Nyangi aliangalia ng'ambo. Kama ng'ombe hawakuja kwa lori, basi walikuja kwa miguu. Na kama ni kwa miguu, walianza safari lini? Wapo njiani? Au walishafika? Akamwona Gati kwenye giza la chumba, akisema maneno yale.

"Hapana," alisema. "Vuka."

Wakavuka, wakapanda mpaka wakaliona kanisa.

Nyangi aliwasikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Walikuwa ndani ya ua wa miiba nyuma ya nyumba ya bati, wengi kuliko alivyowahi kuona hapo nyumbani, wanene, wengine weusi, wengine wa madoa, wakisukumana kwa sababu ua haukujengwa kwa wingi huo. Chini ya kivuli cha mashine ya kusaga walikaa vijana wa Nyanungu waliowaleta, fimbo zimelala magotini. Walipoliona lori waliinuka wote kwa pamoja.

Mzee Joram alitoka ndani. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alimwona binti yake akishuka, na usoni mwake haikuonekana hasira. Ilionekana ahueni, na hiyo ndiyo iliyomtisha Nyangi zaidi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kesho kaka yako alikuwa aje kukuchukua shuleni, umejileta mwenyewe." Akamgeukia Lukmani aliyekuwa amevua kofia. "Umemleta salama. Asante, dereva."

"Shikamoo, mzee. Mimi si dereva tu. Naitwa Lukmani, mpwa wa Mzee Bushiri wa Bomani. Nimekuja kuzungumza na wewe."

"Nakujua wewe ni nani."

"Basi nisikilize, mzee. Ng'ombe sina leo. Nina mikono, nina kazi, nina mtu wa kunidhamini. Nipe muda uliompa mwanao Kisyeri."

Vijana wa Nyanungu walikuwa wamesogea. Mmoja alipita mbele ya lori, akachomoa hendeli ya kuwashia injini pale ilipochomekwa, akaipima uzito mkononi.

"Kisyeri sikumpa muda mimi," Mzee Joram alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Alipewa na baba yake Gati, na muda huo umekwisha. Alikuwa hapa asubuhi. Amechagua ng'ombe wake kumi na zaidi, amewaondoa, sasa hivi wako nyumbani kwake wanakunywa maji. Nitamrudishia Machage nini, kijana? Unipe wewe? Toa."

Lukmani aliutazama ua wa ng'ombe, kofia imekunjwa mkononi.

Nyangi alikuwa amepanga maneno njia nzima. Sasa aliona tu mlango wa jikoni, na Gati amesimama hapo, mkono mmoja chini ya tumbo, uso umevimba kwa kulia. Alikwenda kwake. Hakuna aliyemzuia.

"Wifi," Gati alinong'ona, "usiniangalie mimi. Ukiniangalia hutaondoka. Panda gari uende."

"Na wewe?"

"Nimekwambia usiniangalie."

Lakini alikuwa amekwisha kumwangalia. Aliiona kanga iliyofungwa juu kwa sababu kiuno kilikuwa kimepotea, na miguu iliyojaa maji, na namna Gati alivyojiegemeza kwenye fremu ya mlango kama mtu anayeshikilia nyumba isichukuliwe. Akageuka, akamwona Lukmani peke yake katikati ya uwanja, na vijana wale wakimzunguka, na hendeli mkononi mwa mmoja wao.

"Nyangi," Lukmani aliita. "Njoo upande."

Alimwendea. Alitembea mpaka akasimama karibu kiasi cha kusikia harufu ya mafuta kwenye shati lake. Alijua kwamba akiweka mguu mmoja tu kwenye kidato cha lori, vijana wale hawatamwacha Lukmani afike mtoni.

"Mpe hendeli yake," alimwambia yule wa Nyanungu. Sauti yake ilitoka kubwa, hata yeye ilimshangaza. "Nimesema mpe. Anaondoka peke yake."

Kijana alimtazama Mzee Joram. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Sikubali," Lukmani alisema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Sikubali, unanisikia?"

"Nakusikia." Alitaka kumgusa uso, pale penye lile doa la mafuta, lakini baba yake alikuwa anatazama. "Jumamosi jioni wapeleke wenzangu Mugumu. Wamesuka nywele. Usiwaache wakae barabarani wakingoja."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshafika."

Lukmani aliipokea hendeli, akawasha lori, akapanda. Mzee Joram alimfuata mpaka dirishani, akashika mlango kwa mkono wa kirafiki.

"Jumamosi asubuhi usichelewe, dereva," alisema. "Machage amekulipa uje umchukue bibi harusi. Uje na mkeka safi."

Lori likaondoka. Nyangi alisimama jikoni nyuma ya Gati akilisikiliza likishuka kuelekea Mugumu, likibadilisha gia kilimani, likififia, mpaka zikabaki sauti za ng'ombe peke yake. Nje baba yake alitoa amri fupi. Vijana wa Nyanungu wakaanza kuburuta matawi ya miiba wakiziba lango la boma, pale lilipotokea lori, kama wafanyavyo wafugaji kila jioni mifugo ikishaingia, na jua lilikuwa bado liko juu.